Risala ya Vibarua wa Msimu Kuhusu Tuta la Mtu Mmoja

Mgeni rasmi, Mama Mwenyekiti wa jumuiya yenye shamba hili. Bwana Msimamizi, ambaye leo umevaa shati tusilolijua. Nanyi wageni mliokuja na viatu visivyojuana na tope: wakubwa wetu shikamooni, na wadogo, marahaba tumeshaitikia kabla hamjatuamkia.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana, Mama. Kiti ulichokalia ndicho pekee chenye miguu minne iliyo sawa, tumekijaribu wote. Tunajua kwamba kwenye bahasha hiyo mapajani mwako mna orodha ya watakaoitwa msimu ujao, na kwamba utaitia sahihi ukishakunywa chai. Basi chai uinywe polepole, maana risala yetu ni ya kabla ya sahihi.

TULIKOTOKA

Tunakuja mvua zikianza, tunaondoka kabichi la mwisho likikatwa. Shamba hili halitumii dawa ya dukani hata tone, na sifa hiyo mnaipata nyinyi, lakini dawa yenyewe ni vidole vyetu. Kiwavi hatumpulizii kitu, tunamshika shingo. Na kwa kuwa kiwavi ana hila, kila tuta linatembewa na watu wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Wa huku anaona mgongo wa jani, wa kule anaona tumbo lake. Hapo ndipo lilipotoka neno letu, "mwenza wa tuta". Mume ukichoka naye unamgeuzia mgongo. Mwenza wa tuta mnatazamana kutwa nzima, kabichi katikati, huna pa kugeukia. Siri zetu zote zimepita juu ya makabichi hayo mnayokula.

TULIYOYAWEZA

Msimu huu tumeivisha marundo sita ya mboji na kumaliza palizi tatu. Wakaguzi walikuja, wakafunua majani, wakafunua tena, wakaondoka mikono mitupu. Tungeweza kujisifu zaidi, lakini anayejisifu sana huwa ana alichokificha, na sisi tunacho. Tukiseme.

YANAYOTUSUMBUA

Yupo mwenzetu mmoja, mtu mzima sasa, tunamwita Bi Kiwavi kwa wepesi wa vidole vyake. Misimu kumi na moja alitembea tuta moja na shoga yake tuliyemwita Bi Majivu, kwa sababu huyo kila mdudu alimtibu kwa majivu ya jikoni. Msimu huu Bi Majivu hakutokea siku ya kwanza. Simu yake ikawa haipatikani. Na kanuni mnaijua: asiyeitika siku tatu hukatwa jina. Bi Kiwavi akaona haiwezekani jina la shoga yake likatwe naye yupo anatazama. Msimamizi akiita, "Bi Majivu!" yeye anadakia:

"Yupo, amekwenda chooni."

Siku ya pili, chooni. Wiki ya pili, chooni. Msimamizi akashusha daftari.

"Huyu mwenzio ana tumbo gani lisilopona tangu kupanda?"

"Baba, wewe ita majina. Tumbo la mtu mzima haliulizwi hadharani."

Tukacheka. Sote tulijua, Mama, na hakuna aliyesema. Bi Kiwavi alikuwa akishuka upande wa kulia hadi mwisho wa tuta, kisha anazunguka, anarudi na upande wa kushoto. Kila siku alikuwa wa mwisho kutoka shambani, na midomo inamwenda. Tulidhani anahesabu viwavi. Ukipita karibu ndipo unapomsikia: anamsimulia mwenzie habari za nyumbani, ananyamaza kidogo kumpa nafasi ya kujibu, halafu anaendelea.

Katikati ya msimu akaja binti na mfuko, akasimama mlangoni pa ghala. Ndani ya mfuko mlikuwa na buti za mpira, mali ya shamba, zimeoshwa.

"Mama alisema zirudishwe, si zake," akasema. "Alifariki kabla ya mvua. Hatukuwa na namba ya mtu wa huku."

Bi Kiwavi ndiye aliyezipokea. Akazigeuza, akazitazama soli.

"Mama yako hakuwahi kuziosha buti hizi hata siku moja, mwanangu. Umezionea."

Binti akacheka huku analia, akaenda zake. Bi Kiwavi akarudi tutani. Kesho yake jina likaitwa kama kawaida, maana Msimamizi alikuwa hajaambiwa. Tukasubiri. Halafu tukamsikia, "Yupo," bila kutaja choo.

Msimamizi alipojua hakugomba; alivua kofia. Lakini kanuni ni kanuni: tuta ni la wawili, asiye na mwenza haingii kwenye orodha. Tukamtafutia mwenza, dada mmoja mgeni, mwenye nyaya za muziki masikioni. Siku mbili tu, Bi Kiwavi akamrudisha. "Heri kabichi," alisema. "Kabichi halitikisi kichwa kwa wimbo nisiousikia." Tukaitisha kikao kuona nani kati yetu angemwacha mwenza wake ahamie kwa Bi Kiwavi. Kila mtu akatazama viatu vyake. Hiyo ni aibu yetu, tunaiandika hapa ili asiiseme mtu mwingine.

Si kwamba hana pa kwenda. Ana chumba, kama sisi. Msimu ukiisha, wengi wetu tunarudi chumbani, hatusemi nyumbani: kitanda, jiko, na jirani anayekujua kwa kikohozi chako kupitia ukuta. Miezi mitano inaweza kupita hujasikia mtu akikuita jina. Ndiyo maana tunawahi kuitwa asubuhi hata mvua ikimwaga. Msidhani ni bidii tu.

OMBI LETU

Tulikuwa na maombi saba, likiwemo la choo cha pili. Sita tumeyafuta, mlisikie hili moja. Kanuni ya wawili ni nzuri, ibaki. Ila jina la Bi Kiwavi liandikwe peke yake, apewe tuta la mwisho karibu na uzio. Pande zote mbili atazimaliza; amezimaliza msimu mzima na mkaguzi hakuona tundu kwenye jani. Yeye hajatutuma. Yupo benchi la nyuma, na huyo anayekohoa kwa hasira ndiye. Kama haiwezekani, Mama, tunaomba umwambie wewe mwenyewe, leo, uso kwa uso, si karatasi ibandikwe mlangoni. Kalamu tumekuwekea kando ya kikombe.

Mungu akujalie safari nyepesi, ukifika ukute wa kukufungulia mlango, na akishafungua, akae akusikilize ulikokuwa.

Ni sisi,
Vibarua wa Msimu,
watu thelathini na saba, matuta kumi na tisa.