Nusu Goti

Kwenye basi la Mlola, Paskali alijifanya anasinzia ili awasikie vizuri wanawake wawili wa kiti cha mbele. Zahara, aliyewekewa nyonga ya bandia, alisema daktari amemkataza kuchuchumaa na kupiga magoti.

"Sasa mama mkwe utamwamkiaje?" akauliza mama mtu mzima aliyekaa naye.

"Nikiwa nimesimama."

"Wima kama nguzo ya umeme? Atasema hospitali imekufundisha jeuri. Piga hata nusu goti, mwanangu."

"Mama, kile ni chuma. Kikichomoka, utakuja kukirudisha wewe?"

Paskali akaona hapo mama wa watu amepatikana.

Basi likasimama, Zahara akashuka. Mama mkwe wake alikuwa ameketi chini, kando ya barabara, akimngoja. Alipomwona Zahara, akashika mkongojo wake, akaanza kuinuka ili waamkiane wote wakiwa wima.