Lazarus Njenga, Mwalimu wa Asidi na Magadi

Marehemu Lazarus Njenga alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 huko Burnt Forest, mtoto wa pili wa Mzee Githinji na Mama Waiyego. Wa kwanza ni mimi, Nduta, niliyembeba mgongoni. Mnivumilie nikisoma mbiombio. Kuna neno kwa mwanawe Muigai hapa chini, na lazima nilifikie kabla jeneza halijashuka.

Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1977. Likizo moja alitumbukiza maganda ya mayai kwenye maji ya limau, povu likapanda. Mama akaja juu.

"Njenga, unamaliza limau zangu?"

"Mama, asidi ikikutana na kaboneti ya maganda inatoa gesi, maji na chumvi."

"Chumvi? Basi leta nitie kwa mboga."

"Hii si ya kula, Mama."

"Sasa ni chumvi ya kazi gani hiyo?"

Kuanzia 1981 hadi 2018 alisimamia maabara ya shule moja ya upili hapa Eldoret. Alikuwa akidondosha asidi kwenye besi, yaani kitu cha jamii ya magadi, tone kwa tone mpaka rangi ya waridi ikapotea, halafu anasema, "Zimemalizana. Imebaki chumvi na maji." Wanafunzi wakamwita Mzee Chumvi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hayo nayajua kwa kichwa.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Kabura kanisani Kapsoya, wakaishi mtaa wa West Indies hapa hapa Eldoret. Mungu akawapa Muigai na Ashley.

Mwaka wa 2022 tumbo lilianza kumchoma. Kabura alimsihi aende hospitali. Yeye alichukua magadi ya kupikia githeri, akakoroga kwa glasi, akanywa, akateuka mpaka kuku wakashtuka. "Hiyo ni gesi, dada. Asidi imekwisha." Tulicheka. Mimi ndiye nilicheka kupita wote. Maumivu yalinyamaza, yakarudi, akaongeza kijiko. Miaka mitatu! Kumbe magadi yalimaliza asidi tu. Kidonda cha tumboni hakikuguswa, na kilikuwa kimegeuka saratani. Daktari alimuuliza, "Mzee, ulikuwa wapi?" Njenga alituacha Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane wake Kabura, watoto wawili, wajukuu wanne, na mimi dada yake.

Sasa Muigai. Juzi Alhamisi, akina mama wakichambua mchele wa matanga, nilikukuta jikoni ukikoroga magadi kwa glasi. Nikakuuliza unaumwa nini. "Ni asidi kidogo tu, Shangazi." Sauti ni ya baba yako kabisa. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako nimeshavaa viatu, tunaenda hospitali. Nimeyaandika haya kwa programu ya mazishi ili kila aliye hapa akuulize kama ulienda.

Njenga, wewe pumzika kwa amani. Mimi bado.