Breki ya Nyuma Iliyomkamata Alvin

Kijiwe cha mji mdogo wa Tolstad, jimboni Saskatchewan, ni benchi moja la mbao ndani ya kituo cha mafuta, kati ya friji ya maziwa na birika la kahawa, maana nje, Januari hii, hata mate yanaganda kabla hayajafika chini. Hapo hukaa wastaafu watatu wenye uhakika na kila jambo. Einar anaitwa Trekta kwa sababu akianza kuongea hana gia ya kurudi nyuma. Orest wanamwita Askofu, ingawa kanisani huonekana kwenye misiba tu. Wa tatu ni Alvin, na leo Alvin alikuwa na shida ya kweli. Mkewe Tillie alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga katika hospitali ya jijini, mwendo wa saa mbili, na asubuhi hii ndiyo alikuwa anaruhusiwa. Alvin alimwahidi kumfuata mwenyewe, tena kwa gari lake Tillie, likiwa na breki mpya za nyuma alizozifunga kwa mikono yake. Tillie alikuwa amemsihi alipeleke gereji. Alvin akajibu kwamba gereji ni ya watu wasio na spana.

Basi gari lilifika kituo cha mafuta, likakataa kwenda mbele zaidi. Lilikuwa zito, linanuka kuungua, na akiondoa tu mguu kwenye mafuta linasimama lenyewe. Akaingia ndani kuomba ushauri.

— Umekaza mno, alisema Trekta kabla hata hajaulizwa. Viatu vya breki vinasugua dramu ya gurudumu hata hujakanyaga. Wewe si ndiye unayekaza chupa za achari mpaka shemeji anatafuta nyundo?

— Nilikaza kiasi. Gurudumu nililizungusha kwa mkono, likazunguka freshi tu.

— Kwa mkono gani? Huo wenye baridi yabisi?

Askofu akanywa kahawa taratibu, kama mtu anayejua kwamba zamu yake itafika. Kwa maoni yake, tatizo lilikuwa mpira wa kupitisha mafuta ya breki. Umevimba kwa ndani, alisema, mafuta yanakwenda lakini kurudi hayarudi. Ilikuwa hoja nzuri, na ndiyo maana Trekta hakuipenda. Akadai viatu vyenyewe vimetengenezwa nchi za joto, sasa vimekutana na baridi ya Saskatchewan, vinakumbatia dramu vikitafuta joto.

— Acha fiksi, Trekta, alisema Askofu.

— Fiksi gani? Wewe mwenyewe usiku unamkumbatia mbwa.

Simu ikatetema mfukoni mwa Alvin. Akaitoa, akaona jina la Tillie. Angemwambia nini? Kwamba yuko kituo cha mafuta, hata nje ya mji hajatoka? Akairudisha mfukoni. Alitaka kwanza gari lipone, ndipo apige na habari njema. Lakini simu ilitetema tena na tena, na kila ilipotetema alizidi kujichukia.

Askofu sasa alikuwa amepata moto.

— Sikia, bwana. Miaka yote hii nani analiendesha? Shemeji. Na nani kalivua magurudumu juzi bila ruhusa yake? Wewe. Gari lina kinyongo.

— Askofu, gari ni chuma.

— Chuma ndicho kinaongoza kwa kinyongo. Muulize mwenzako kuhusu lile trekta lake, siku aliyotangaza kuliuza.

Trekta alikiri kwamba lilimkanyaga mguu, na kwamba lilikuwa limezimwa. Wakaanza kujadili kama inafaa Alvin aliombe gari msamaha au amtume mtu mwingine.

Hapo mlango ukafunguka, baridi ikaingia, na nyuma yake akaingia Tillie, akitembea pole pole kwa kuegemea fremu ya chuma. Muuguzi mmoja aliyemaliza zamu na anayeishi mji wa jirani ndiye aliyemleta. Walikuwa wanapita wakaliona gari lake. Muuguzi akaweka begi chini, akaaga, akaenda zake.

— Nimepiga simu mpaka nikaona haya mbele ya wagonjwa wenzangu, alisema Tillie. Nilidhani umekufa barabarani.

— Nilitaka nikupigie gari likiwa zima, mke wangu.

Tillie hakubishana. Aliuliza jambo moja tu: breki ya mkono aliivuta?

— Kidogo. Baada ya kumaliza, kuijaribu. Nikaiachia.

Trekta na Askofu wakageuka kumtazama Alvin. Barabara za huku humwagiwa chumvi majira yote ya baridi, na waya wa breki ya mkono huota kutu chini ya gari. Ukiuvuta unakwenda, kurudi haurudi. Mkononi unaona umeachia, kumbe viatu bado vimeng'ang'ania dramu. Kwa hiyo hakuna anayeigusa, na Tillie hakuwahi kuigusa tangu anunue gari lile. Trekta alisema hilo ndilo hasa alilokuwa anataka kulisema.

Tillie akatazama dirishani. Magari mawili ya mizigo, la Trekta na la Askofu, yalikuwa yananguruma pale nje tangu asubuhi, maana kwa baridi hii mtu hazimi injini akishuka kunywa kahawa.

— Na yale yana nini?

— Hayana kitu, shemeji, alisema Trekta. Yanapata joto tu.

— Sasa, Alvin, kwa nini hukumwomba mmoja wao akupeleke kunichukua?

Askofu akachungulia kikombe chake. Kila mmoja wao angekwenda jijini na kurudi kwa furaha. Ila kujitolea ni kumwambia Alvin kwamba ameshindwa, na Alvin naye, tangu walipokuwa darasa moja, hajawahi kumwomba mtu hata kiberiti. Tillie alikuwa bado anasubiri jibu, ameegemea fremu kwa uzito wake wote, mguu wa upande uliopasuliwa ameuinua kidogo. Alvin aliutazama ule mguu, akaona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani.

Akasimama, akavua kofia.

— Einar, alisema, naomba utupeleke nyumbani.

Trekta aliinuka kwa haraka mpaka kahawa ikamwagika, akatangulia nje kuondoa takataka kwenye kiti cha mbele.