Bi Zeinabu Aweka Kifuniko Chini

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: tangu utafiti wa vidonge uanze, nilikuwa nikiomba kimya kimya vishindwe. Mimi ndiye mfanyakazi mdogo kabisa katika kituo chetu cha utafiti wa lishe cha Ayany, na nimepewa heshima ya kumuaga katika jarida letu Bi Zeinabu Murjan, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Machi, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi.

Alianza kwa kufagia, akaja kuwa mpokezi wa watu wanaojitolea kupimwa. Wengi wanamjua kwa kazi ya kifuniko. Mtu hulala chali, hajala wala kunywa hata chai ya rangi, akafunikwa kichwa kwa plastiki angavu, na mashine ikapima pumzi zake ili ijulikane mwili uliotulia unatumia nguvu kiasi gani. Akisinzia, kipimo kimeharibika. Akicheka, pia. Kwa hiyo Bi Zeinabu huketi kando akisimulia polepole nani alimwoa nani katika ukoo wao wa Kinubi, habari za kumweka mtu macho bila kumchekesha. Aliteleza siku alipofika kwa mjomba aliyeburutwa na mbuzi wa mahari mpaka kwa wakwe wasio wake. Vincent wa Soweto West, aliyekuwa amelala chini ya kifuniko, alicheka hadi plastiki ikajaa ukungu.

Utafiti wake wa mwisho ulihusu vidonge vya majani ya chai na pilipili, ambavyo wauzaji husema huchoma mafuta hata ukiwa umelala. Nusu ya watu walimeza hivyo, nusu wakameza unga wa mhogo uliofungwa vivyo hivyo, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Shangazi yangu Sella, ninayeishi naye Kawangware, alikuwa mmoja wao. Aliapa kwamba anasikia moto mpaka kwenye vidole. Akasema vikithibitishwa, nitavimeza kila siku nipungue kabla ya kwenda chuo. Sikuthubutu kukataa.

Kila akija kupimwa alimbana Bi Zeinabu: "Si uniambie tu, mimi niko kwa dawa, sivyo?"

"Sella, mimi hapa najua mlango wa choo tu. Lala."

Mwezi jana majibu yalisomwa mbele ya wote. Hakukuwa na tofauti yoyote. Na shangazi alikuwa wa mhogo! Ukumbi ulicheka, mimi nikashusha pumzi. Lakini shangazi alifura, akasema kuna vidonge vingine vipya mjini, nitaanza navyo wiki hiyo hiyo.

Bi Zeinabu akamshika mkono. "Sella, huyu msichana hubeba mitungi yetu ya gesi kutoka langoni mpaka kwa mashine bila kuhema. Unataka kupunguza nini hapo?"

Shangazi alinitazama juu hadi chini. "Haya basi, yaishe." Jioni alinipakulia ugali sawa na wake.

Asante, Bi Zeinabu. Nenda ukalale na kucheka utakavyo, hakuna anayekupima tena. Na wewe unayesoma jarida hili, tafadhali, usimwambie shangazi kwamba nilikuwa upande wa mhogo.