Muuguzi Aliyefariki Akisubiri Utepe Ukatwe

Dada yetu, muuguzi ambaye wengi wenu mlimwita Dada Jagi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 katika hospitali ya hapa mjini. Alikuwa kifungua mimba wa mama yetu, aliyeketi hapa mbele, na marehemu baba yetu, aliyekuwa fundi rangi. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba. Nimeombwa nisome kwa upole. Nitajaribu.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1993 akahitimu chuo cha uuguzi. Usafi ulikuwa damuni mwake tangu utotoni. Kabla ya kula alitunusa mikono mmoja mmoja, hata baba hakusalimika.

Mwaka huohuo aliajiriwa akapangiwa wodi ya watoto, na hakuiacha mpaka mwisho. Huko ndiko alikobaini kwamba kila umeme ukikatika, pampu za maji husimama, mabomba hubaki matupu na kunyonya uchafu wa mitaro kupitia nyufa. Maji yakirudi, siku chache baadaye vitanda hujaa watoto wanaoharisha. Kinachouma ni kwamba umeme ulikuwepo. Mitambo ya upepo iliyosimikwa baharini, ile tunayoiona sote kutoka madirishani, ilizunguka usiku kucha watu wamelala, na umeme wake ukapotea bure kwa kukosa pa kuhifadhiwa. Mchana upepo ukitulia, na pampu zinatulia.

Akaanza kudai betri kubwa kwa ajili ya kituo cha pampu. Alidai miaka kumi na mmoja. Kila kikao aliingia na jagi la maji ya bombani, akawamiminia wakubwa glasi moja moja. Hakuna aliyekunywa, na yeye hakunywa. "Mimi siwezi, najua kilichomo," aliwaambia. "Ninyi mnaosema ni salama, karibuni."

Mwaka 1997 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi magari. Walijuana pale hospitalini, shemeji alipokuja na kidole kilichokatika na mikono imejaa grisi. Aligombezwa kwanza ndipo akatibiwa. Wiki tatu baadaye alikuwa bado anakuja kubadilishiwa bendeji.

"Kidonda kimeshapona, bendeji ya nini?" dada akamuuliza.

"Nimeizoea," shemeji akajibu. Walijaliwa mabinti wawili.

Betri zilifika Januari 2024. Mafundi walizifunga, wakazijaribu, na pampu zikafanya kazi siku nzima bila kusita. Dada alicheza jikoni siku hiyo, mabinti zake ni mashahidi. Kesho yake betri zikazimwa na kufunikwa turubai, na mlangoni pakafungwa utepe mwekundu, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa hajapata nafasi ya kuja kuzindua. Februari akapata safari. Aprili akapata mafua. Juni mahema yalisimamishwa, viti vikapangwa, kisha vyote vikarudishwa kwa mwenyewe. Dada akamfuata meneja wa maji ofisini kwake.

"Dada yangu, vuta subira," meneja akamwambia. "Mvumilivu hula mbivu."

"Na zikioza je?" akamuuliza.

Julai wodi ilifurika, akawa analaza watoto wawili kitanda kimoja. Tarehe 2 Agosti homa ikamshika yeye mwenyewe. Vipimo vikaonyesha homa ya matumbo. Utumbo ulitoboka, akafanyiwa upasuaji, na tarehe 19 Agosti alfajiri akafariki katika hospitali alimozaliwa. Tangu siku hiyo tunaambiwa kwamba siku zake zilikuwa zimefika. Hapana. Zilizokuwa zimefika ni betri. Dada yetu amekufa kwa ugonjwa aliotuonya kuuhusu, huku dawa yake ikiwa imefunikwa turubai ikisubiri kupigwa picha, na sisi tumekasirika, wala hatuoni haya kulisema mbele ya jeneza lake.

Ameacha mama, mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, wadogo watatu, na wodi ya watoto ambayo hadi leo asubuhi haikuwa na kitanda kitupu.

Familia inawashukuru nyote mliokuja, akiwemo meneja wa maji, aliyekuja na shada kubwa kuliko yote. Meneja, tuna tangazo linalokuhusu. Tukishamaliza hapa, tunaelekea kituo cha pampu kwa miguu, wote tunaoweza kutembea. Mgeni rasmi tumeshampata. Ni mama mzazi wa marehemu, hana safari, hana mafua, na mkasi anao mkobani. Tunachokuomba ni uje na funguo.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi twendeni.