Radio ya Nani?

Mtumbwi wa moteri ulikuwa unatuvusha mto kwenda Alunguli, ng'ambo, na radio ya nahodha ilisifu barabara ya Kalima, ambayo tope lake lilikuwa bado kwenye viatu vyangu.

Mama mwenye beseni la samaki akacheka. "Wakati wa vita, radio ilikuwa ya wenye bunduki. Wakisema kuko amani, tulifunga mizigo. Sasa hii, mwenyewe njo nani? Nitaisikiliza namna gani?"

"Mama, habari ni habari," akajibu baba mmoja mwenye shati la pasi.

Mama akamgeukia kwa furaha. "Hiyo sauti! Si njo wewe unasomaka habari ku radio hii?"

"Njo mimi."

"Basi patro wako, mwenye kukulipa, njo nani?"

Mtumbwi ukagusa mchanga. Baba akashuka, akampokea beseni. "Mama, ukimujua, uniambie."