Melkizedeki Nkuwi, Tarishi Aliyekataa Kubeba Herufi Tupu

Tarehe 31 Desemba 1957, Bwana Melkizedeki Nkuwi anavua koti la utarishi alilolivaa tangu mwaka 1929. Kwa miaka hiyo ishirini na minane, bahasha na masanduku ya Boma la Singida yamekwenda posta, hospitali, polisi na kwa Bwana Mifugo yakiwa mikononi mwake. Wala hayakwenda kimyakimya. Sote tuliofanya kazi naye tunajua kwamba Mzee Melki na ukimya hawapikiki chungu kimoja.

Alizaliwa Issuna kwa watu wa mifugo, akajifunza kusoma misheni, akaja mjini kijana mwenye miguu mirefu na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Boma lilimwajiri kwa sababu ya miguu. Sauti ilikuja kama nyongeza. Koti lake la kaki alilipenda mno, na mkewe, Mama Sara, ametuambia bila kuona haya kwamba asubuhi mume wake husugua vifungo vya shaba kwa majivu kwanza, ndipo amjulie yeye hali.

Siku zile ofisi zilikuwa zimekwisha kushikwa na ugonjwa wa kufupisha maneno, na hadi leo hazijapona. Kila idara ina herufi zake, na herufi zilezile zikivuka barabara hugeuka. Ukitaja M.O. hospitalini, watu husimama wima, kwa kuwa ndiye daktari mkuu. Ukitaja M.O. posta, watu hutabasamu, kwa kuwa ni hawala ya fedha imefika. Tarishi anayevuka barabara hiyo kutwa nzima asipoangalia atachanganyikiwa, na Bwana Melkizedeki alichanganyikiwa mapema.

Katika majuma yake ya kwanza alipewa asubuhi mfuko ulioandikwa P.M. Herufi hizo alikuwa amezijua kutokana na saa za kazi, kwamba maana yake ni baada ya adhuhuri. Basi kwa utii mkubwa aliketi kivulini, mfuko mapajani, akangoja jua ligeuke. Wakati huohuo mkuu wa posta, ambaye kwake P.M. ndicho cheo chenyewe, alikuwa akiutafuta mfuko wake mji mzima, kofia mkononi. Karipio alilopata kijana Melki lilisikika mpaka Utemini. Mwenyewe hujitetea kwamba alifanya la afadhali, maana angeupeleka hospitali wangeupokea kama habari za kupasua maiti, ndiyo P.M. ya kwao.

Karipio lile lilimwuma. Alikuwa mtu wa kujivuna, na ni wa kujivuna hata leo, tusifichane. Lakini dawa yake hakuitafuta ofisini. Aliikumbuka kwao. Mtu wa Issuna akimweka ng'ombe wake kwa rafiki amtunzie, haonyeshi mkato wa sikio kisha akaenda zake, kwa sababu mkato huohuo ukoo mwingine nao wanao, na kwao una habari nyingine. Humtaja ng'ombe kwa rangi yake, kwa mama yake na kwa shughuli inayompeleka, mbele ya shahidi. Anayepokea naye hutamka kwamba amesikia na amepokea. Asipotamka, ng'ombe hatoki zizini.

Tangu hapo Bwana Melkizedeki akakataa kubeba kitu chochote ambacho anayekituma hajakitaja kwa kirefu mbele ya mtu wa pili. Makarani tulinuna. Wengine tulimwita Mzee Taja, naye akalipokea jina hilo kama nishani. Alimtajisha hata Bwana Shauri, mkubwa wa Boma, mgeni aliyekuwa hajamaliza hata kufungua masanduku yake, na yule bwana, kwa mshangao wake mwenyewe, alitaja. Hata hivyo wengi tuliamini kuwa ni ukaidi wa mzee mmoja, na kwamba siku akiondoka tutapumua.

Kisha ikaja siku ya Mtinko, mwaka 1951. Mwandishi wa maneno haya alikuwapo, na mpaka leo akiikumbuka husisimka.

Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilikuwa inakuja kutoka kaskazini. Mazizi ya jirani yalikuwa yamebaki na harufu tu, na watu wa Mtinko walijua kwamba ng'ombe wakifa, mahari zimekufa, maziwa ya watoto yamekufa, na heshima ya mtu imekwenda. Chanjo ililetwa kutoka Mpwapwa katika masanduku yenye barafu na pumba za mbao. Dereva Idrissa aliendesha lori kama mtu aliyebeba mayai, Mzee Melki ameketi nyuma kuyalinda masanduku. Ng'ombe walikuwa wamejaa uwanja wa mnada, vumbi likitimka, na Bwana Mifugo alikuwa anakunja mikono ya shati. Masanduku yakateremshwa, kila moja lina V.D. kwa rangi nyeusi, herufi za idara yake ya mifugo.

Watu wakazikodolea macho zile herufi. Miezi michache kabla, kwenye mnada huohuo, dresa Marko wa hospitali alikuwa amekuja na sanduku lenye herufi hizohizo na sindano ndani yake, akafundisha kwa bidii na uaminifu juu ya yale magonjwa ambayo mtu hayataji mbele ya mkwewe. Waliojua kusoma waliwanong'oneza wasiojua. Dakika haikupita, wanaume wakaanza kuwageuza ng'ombe polepole, kila mmoja akitazama juu kana kwamba anatafuta mvua. Nani angejipanga mbele ya sanduku lile, na wakwe zake wapo pale wanauza mbuzi?

Bwana Mifugo alipiga kelele kwamba sindano ni za ng'ombe, si za watu. Akaharibu kabisa. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti ng'ombe wameupata wapi ugonjwa ule kama si kwa wachungaji wao, na hapo hata wale waliokuwa wanasitasita wakaondoka. Barafu ilikuwa inayeyuka. Maji yalichuruzika chini ya masanduku, na sisi wa Boma tulisimama tukiyatazama.

Bwana Melkizedeki alifunga kifungo cha juu cha koti. Alimsimamisha dresa Marko, aliyekuwapo mnadani siku hiyo pia, kulia kwake na Bwana Mifugo kushoto, wote wawili mashahidi, akatoa chupa moja sandukuni akaiinua. Kisha kwa sauti ile ya kuvusha bonde akaikabidhi kwa watu wa Mtinko kama mtu anayekabidhi mtamba. Akasema inaitwa chanjo ya sotoka, rangi yake kama maziwa yaliyotiwa maji, imezaliwa Mpwapwa, imelelewa kwenye baridi, na shughuli iliyoileta ni shingo ya ng'ombe na si mwili wa mtu yeyote. Akamgeukia Marko amwulize kama ni ile yake. Marko akatamka kwamba siyo. Akamgeukia Bwana Mifugo, naye akatamka kwamba ni yake. Halafu akauliza nani anapokea.

Hakuna aliyejibu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mzee Melki naye alinyamaza, mkono bado uko juu.

Ndipo akasogea Bi Yunisi, mjane, akiswaga ng'ombe alioachiwa na marehemu, ambao ndio waliokuwa wakiwalisha watoto wake. Alisema maneno machache ambayo Mtinko wanayarudia hadi leo: "Mume nilimzika. Na ng'ombe niwazike? Nimesikia, nimepokea."

Baada ya mwanamke kutamka, mwanaume gani angeondoka? Wakarudi mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na kila aliyefika aliitazama chupa na kutamka kwamba amesikia na amepokea. Jua lilipokuwa linashuka sanduku la mwisho lilikuwa tupu na Bwana Mifugo hana sauti. Sotoka ilifika mpakani mwa Mtinko, ikabisha hodi, ikakosa mwenyeji. Watoto wa mwaka ule walikunywa maziwa, na harusi zilizopangwa zilifungwa!

Tangu siku hiyo masanduku yote yanayotoka Boma la Singida huandikwa kwa Kiswahili kamili, DAWA YA NG'OMBE au DAWA YA WATU, na hakuna kinachotoka bila kutajwa mbele ya mtu wa pili. Mwaka 1952 Bwana Melkizedeki alifanywa tarishi mkuu. Wale tuliosubiri kupumua siku akiondoka, leo ndiyo imefika, na hakuna anayepumua vizuri. Tutamkosa sana. Lakini asiwe na shaka. Juma lililopita tarishi mpya, Andrea, alikataa kupokea bahasha yangu mpaka nilipoitaja, na moyo wangu ulifurahi ingawa uso wangu haukuonyesha.

Zawadi yake ni fimbo yenye bati la shaba. Fundi alishauri tuandike M.N., eti nafasi ni ndogo. Tumetafuta bati kubwa zaidi.

Mzee wetu, asante kwa miguu yako, kwa sauti yako, na kwa ng'ombe wa Mtinko. Mungu akuzidishie afya na umri, zizi lako lijae, na Issuna wakuvumilie. Sasa tunakukabidhi kama ulivyotufundisha.

Mama Sara, huyu ni Melkizedeki, mwana wa Nkuwi wa Issuna. Rangi yake ni kaki, na vifungo vinang'aa. Anatoka Boma la Singida akiwa mzima. Meno yamepungua, sauti haijapungua. Shughuli inayomleta kwako ni kupumzika. Shahidi ni Bi Yunisi, aliyeketi mstari wa mbele. Hatutawanyiki hapa mpaka utamke kwamba umesikia na umempokea.

Philipo Kinyisi, Karani, kwa niaba ya watumishi wote wa Boma